Koko Kwenye Tepu ya Mwita

Wajukuu zangu wa lehemu, nyinyi mnaokaa kwenye vibanda vya simu kuanzia Oyugis hadi Isebania, mkiwa na taa za kufunga kichwani na miwani ya kukuzia, leo nina neno nanyi. Siji kuwafundisha kazi yenu. Vyombo vyenu ni vidogo mno kwa macho yangu, na mkono wangu siku hizi unatetemeka hata nikishika kikombe cha chai. Lakini mmoja wenu, mwenye kibanda karibu na mpaka pale Isebania, ndiye aliyemwambia yule mama, "Hiyo ni mashine ya mababu, peleka kwa yule mzee wa Oyugis kama bado anapumua." Sijui jina lako, kijana, lakini ukisoma hapa utajijua. Bado sijaamua kama nikushukuru au nikununie.

Kazi yangu ilikuwa kutafuta kelele. Watu walidhani natengeneza redio na tepu rekoda, lakini mashine iliyokufa kabisa haina shida sana. Imekufa kwa sababu moja, ukiipata unaifufua, mwenyewe anaenda nyumbani akicheka. Shida ni mashine inayofanya kazi huku ikilalamika. Kuna kelele ya kufoka kama omena kwenye mafuta. Kuna ya kupasukapasuka kama bisi. Kuna ya kulia kama kengele ukigusa meza tu. Na kuna mngurumo, ule mzito wa chini, mmmm, ambao mwenye mashine anauzoea mpaka hausikii tena, lakini fundi hawezi kulala ukiwa bado upo.

Aliyenifundisha ni Mzee Ondiek wa Homa Bay, aliyekuwa na duka kule chini karibu na maji. Kwa Dholuo kelele ni koko, na sauti ya mtu ni dwol, na Mzee Ondiek alikuwa akisema kazi yetu yote ni kutenganisha hayo maneno mawili. Ukimletea mashine hakuuliza imefanya nini. Aliinamisha kichwa, akafumba macho, akauliza, "Koko oa kanye?" Kelele inatoka wapi? Aliuliza kwa upole, kama anayeuliza mtoto ameumia wapi.

Tepu rekoda za wakati ule zilikuwa za valvu, vile vitaa vya kioo vinavyowaka wekundu ndani na kupata moto. Njia yake ilikuwa rahisi na mpaka leo sijaona iliyo bora. Teremsha sauti mpaka chini kabisa. Kelele ikibaki, iko mbele, upande wa spika. Ikikoma, iko nyuma, upande wa hedi, pale tepu inapopita. Kisha anza kutoa valvu moja moja ukisikiliza. Halafu chukua penseli yenye raba kichwani, ugongegonge kila valvu taratibu. Iliyochoka itajitaja yenyewe kwa kulia. Na siku zote, kama mashine imefunguliwa na stima imo ndani, mkono wa kushoto uwe nyuma ya mgongo, maana umeme ukiingia mkono huu ukatokea ule, umepita moyoni. Alinichapa vidole kwa bisibisi mara nyingi kabla mkono wangu wa kushoto haujajifunza adabu.

Nilikosea sana. Siku moja muhubiri mmoja wa kando ya ziwa alituletea mashine iliyokuwa ikipasukapasuka kila mvua ikinyesha. Mzee alikuwa amekwenda matanga, nikasema hii nitamaliza mwenyewe anikute nimekaa kama bwana. Nikabadilisha valvu. Nikabadilisha kapasita. Nikalehemu upya kila kiungo nilichokiona na vingine nilivyovikisia. Bado inapasuka. Mzee aliporudi aliigeuza juu chini, akaipiga kofi moja mgongoni, na pale mezani pakamwagika vumbi jeusi kama gunia la makaa limetoboka. Walikuwa sam, wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi, wamevutwa na mwanga wa valvu, wakafia ndani miaka na miaka. Mvua ikinyesha maiti zao zinanyonya unyevu na stima inatembea juu yao.

"Omera," Mzee akaniambia, "wewe umebadilisha mgonjwa miguu na mikono ili umtoe mafua."

Alicheka mpaka chai ikammwagikia shati. Mimi sikucheka siku ile. Leo nacheka, lakini nacheka peke yangu, kwa sababu Mzee Ondiek amelala kaburini muda mrefu, na pale palipokuwa duka lake wanauza makava ya simu.

Baada yake nilifanya kazi Migori, kisha nikarudi Oyugis nikafungua pangu, kisha nikafunga. Mke wangu akatangulia. Watoto wako mbali na wananipigia simu siku za Jumapili kunijulisha kwamba wako bize. Na masikio, ambayo ndiyo yalikuwa mita yangu, yameanza kuniacha. Sauti nyembamba zimekwenda kwanza. Siwasikii tena ndege wadogo asubuhi, wala ile ssss ya tepu. Badala yake sikio la kushoto limeanzisha mlio wake lenyewe, usiokoma. Huo nimeutafuta kwa njia zote za Mzee Ondiek, ila hakuna valvu ya kutoa.

Hivyo ndivyo Boke alivyonikuta.

Alikuja na gari la jirani yake, yeye mwenyewe ameipakata ile mashine kwenye blanketi. Ni mama wa makamo, Mkuria wa Ntimaru, anauza nguo pale Isebania. Nilimkaribisha nikamwambia sifanyi kazi tena. Hakubishana. Alifunua blanketi tu.

Wanangu, ilikuwa nzuri. Sanduku la mbao, kitambaa cha spika bado kizima, na juu yake rili moja ya tepu ya kahawia. Nikaona mikono yangu imeshaanza kutafuta bisibisi.

"Huyu ni baba yangu," Boke akasema, akiigusa ile rili. "Tata alikuwa mpigaji wa iritungu, kile kinanda chetu cha kamba. Mwalimu mmoja wa misheni alimrekodi. Huyo mwalimu akienda kwao akamwachia mashine na tepu. Tata akafa mimi nikiwa mgongoni. Sijawahi kusikia sauti yake hata siku moja."

"Na kwa nini leo?"

"Mama. Daktari amesema tumpeleke nyumbani, hakuna kingine cha kufanya. Ye anataka kitu kimoja tu. Anataka kumsikia Tata kabla aende."

Mashine ilikuwa imekaa chini ya kitanda cha mama yake, Gati, tangu Mwita alipokufa. Boma lao halikuwa na stima. Kila mwaka waliambiwa inakuja. Ilipofika, nguzo ikasimamishwa na taa ikawekwa, Gati alikuwa ameshakuwa kiziwi nusu, wanamwongelesha kwa kumpigia kelele sikioni. Boke alinieleza hayo bila kulia. Mimi ndiye niliyejifanya natafuta miwani.

"Nyathina," nikamwambia, "mwanangu, hii tepu ni mzee kuniliko. Ikipita kwa hedi inaacha ngozi yake hapo. Haitavumilia kupigwa mara nyingi. Sasa tutengeneze mashine kwanza na tepu ingine. Yako tutaguza mwisho."

Nilitumia tepu ya kwaya niliyokuwa nayo. Mashine ilikuwa na kila ugonjwa unaoujua. Nilipoiwasha pole pole ilinguruma mpaka kikombe kikatembea mezani. Mngurumo ule haukujali nikiteremsha sauti, kwa hiyo ulikuwa wa mbele, kapasita kubwa za kusafisha stima zimekauka. Nikaweka nyingine. Ukabaki mwingine mdogo zaidi, huo ukikoma nikiteremsha sauti. Nikatoa valvu ya kwanza, kimya. Nikairudisha, nikafuata nyaya, nikakuta mtu fulani zamani alizinyoosha zile nyaya za kuwasha valvu akazilaza sambamba na waya wa hedi. Nikazisokota pamoja kama mwanamke anavyosokota nywele, nikazisukuma pembeni. Ukaisha. Nikagonga na penseli, valvu moja ikalia, nikabadilisha na ya akiba niliyoitoa kwenye redio iliyokufa. Nikasugua miguu ya valvu zote. Nikasafisha hedi kwa pamba na spiriti.

Ile ya kufoka sikuweza kuisikia. Hapo Boke akawa masikio yangu.

"Sikia hapa. Kuna ssss?"

"Iko, Mzee. Kama mtu anamwaga mchanga."

"Na sasa?"

"Imepungua."

"Na sasa?"

"Imeisha. Mzee, wewe huisikii kabisa?"

"Nilikuwa naisikia kuliko mtu yeyote Nyanza," nikamjibu, na nikasikia uchungu kusema hivyo mbele ya mgeni.

Siku tulizofanya kazi pale ndizo siku zangu nzuri za mwaka huu. Boke alikuwa akipika chai, anapigiwa simu kutoka Ntimaru, anatoka nje kuongea, anarudi na uso umebadilika. "Amekula kidogo," anasema. Au, "Leo hakula." Kila simu ile ilikuwa inanisukuma mgongoni.

Mashine ikawa safi. Kwaya iliimba ndani yake kama wako jikoni kwangu. Ndipo tukaweka tepu ya Mwita.

Ilianza katikati ya wimbo, bila salamu. Sauti ya mwanaume, kavu kidogo, yenye majivuno. Boke aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Lakini mimi, Mungu anisamehe, sikuisikiliza ile sauti. Nilisikia mngurumo. Mzito, wa chini, umejaa kila mahali, unapanda na kushuka nyuma ya maneno, unatikisa mpaka mbao za sanduku. Nikainamisha kichwa kama Mzee Ondiek. Koko oa kanye?

Nikasimamisha tepu, mashine kimya. Nikaweka kwaya, hakuna mngurumo. Nikarudisha Mwita, mngurumo. Kwa hiyo hautoki kwenye mashine, umo ndani ya tepu yenyewe. Mpaka hapo nilikuwa sahihi, na mngenipa cheti. Nikajiambia, misheni zile zilikuwa na jenereta, na jenereta mbovu huingiza mngurumo kwenye mashine, na ule unapanda na kushuka kwa sababu jenereta ilikuwa ikihema. Ilikaa sawa kabisa kichwani. Tepu ilianza katikati ya wimbo na ikaisha katikati ya wimbo, hapakuwa na mahali Mwita amenyamaza nisikie kama mngurumo unanyamaza naye.

Boke aliuliza. Nataka mjue kwamba aliuliza.

"Mzee, hiyo inanguruma si ndiyo iritungu yenyewe?"

"Umewahi kuisikia iritungu?"

"Kwa simu tu, kwa hizo video. Mama aliokoka baada ya Tata kufa, kanisa lake halitaki mambo ya ngoma. Hatukuruhusiwa kwenda."

"Kamba haiwezi kunguruma hivyo, nyathina. Hiyo ni stima. Nimefanya hii kazi kabla uzaliwe."

Akaenda kuweka chai. Alikuwa na adabu, na mimi nilikuwa mzee.

Nyinyi wa Isebania mtanicheka, lakini wanangu, mimi ni Mjaluo. Kinanda cha kamba nilichokulia nacho ni nyatiti. Nyatiti inaongea juu, inadonoa, na mpigaji anagonga pete ya chuma kwa kidole cha mguu. Nilikaa Migori miaka, Wakuria walikuwa wateja wangu, walikunywa chai kwenye benchi langu, na sikuwahi hata siku moja kukaa chini nikasikiliza iritungu. Nilijua ni kinanda cha kamba kama chetu. Nikadhani basi kinalia kama chetu.

Nikafanya kile fundi hufanya kelele ikiwa imo ndani ya tepu. Kuna kapasita inayopitisha sauti kutoka valvu moja kwenda nyingine, ni kama mlango. Nikaichomoa mguu mmoja ile kubwa, nikaweka ndogo kando yake. Mlango ukiwa mdogo, sauti nyembamba zinapita na nzito zinabaki nje. Nikawasha. Mngurumo haukuwepo. Sauti ya Mwita ikasimama peke yake, na nyuma yake kamba zikidonoa, safi, nyepesi, tamu. Niliona fahari. Boke akairekodi kwa simu yake, akaituma kwa jamaa zake, akanishika mkono kwa mikono miwili.

Kila nilipoipiga ile tepu nilisafisha hedi, na kila mara pamba ilitoka kahawia. Boke akauliza ule uchafu ni wa nini. Nikamwambia si uchafu, ile rangi ya kahawia ndiyo inayoshika sauti, ikitoka kwenye tepu imetoka na wimbo. Akaichukua ile pamba, hakuitupa.

Tulikwenda Ntimaru asubuhi, na mashine tukaipakata kwa zamu. Gati alikuwa amelala kwenye kitanda kilichosogezwa dirishani, mdogo sana, macho yamefumbwa nusu. Mlangoni alikaa shemeji yake, Mzee Chacha, mdogo wake marehemu Mwita, na fimbo katikati ya magoti. Nilimwamkia, akanipokea kwa furaha, akasema hajaona Mjaluo aliyekuja Ntimaru bila kuuza samaki.

Nikaweka mashine kwenye stuli kando ya kitanda. Nikapiga tepu.

Chacha aliinua kichwa. "Ni Mwita," akasema. Macho yakamjaa. Kisha akakunja uso. "Lakini ngoja. Nani anapiga?"

"Ni yeye," Boke akasema.

"Sauti ni yake. Hiyo mkono si yake. Hiyo ni nyatiti." Akanigeukia, nusu anatania, nusu hatanii. "Jaluo, umemfanya ndugu yangu kuwa Mjaluo?"

"Mzee mwenzangu, hizo ni kamba za iritungu yake."

"Hii ni mbuzi analia. Iritungu ni ng'ombe dume. Inanguruma mpaka unasikia hapa." Akajigonga kifuani kwa ngumi. "Imeenda wapi?"

Nikaitazama mashine. Nilikuwa nimeshajua.

Boke alikuwa ameinama kwenye sikio la mama yake akipaza sauti kwa Kikuria. Gati hakusikia tepu hata kidogo. Akanyoosha mkono, Boke akamsaidia, akauweka kiganja juu ya sanduku la mashine, wazi, vidole vimetawanyika. Akangoja. Tepu inazunguka, Mwita anaimba, na yule mama anangoja. Kisha akasema neno, taratibu.

"Anasema nini?" nikauliza.

Boke hakutaka kunitafsiria. Chacha ndiye aliyetafsiri.

"Anasema hakuna mtu ndani."

Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na sijawahi kuambiwa kitu kilichoniumiza hivyo. Masikio ya uzee, wanangu, hupoteza nyembamba kwanza na nzito mwisho. Mimi mwenyewe nalijua hilo, ninaishi nalo. Kitu pekee ambacho Gati angeweza kukipata, kwa sikio au kwa kiganja, ndicho nilichokifungia nje ya mlango. Na nilikifungia kwa ustadi.

Nikazima, nikachomoa waya ukutani. Sikuwa na chuma cha kulehemu, nilikuwa na bisibisi na koleo tu, vitu ninavyotembea navyo kwa mazoea. Nikafungua sanduku pale pale kando ya kitanda. Nikatoa stima iliyobaki kwenye zile kapasita kubwa kwa bisibisi, mkono wa kushoto nyuma ya mgongo. Ile kapasita ya mwanzo bado ilikuwa inaning'inia kwa mguu mmoja. Nikaushika ule mguu wa pili kwa koleo, nikauzungushia kwenye kiungo chake, nikaukaza. Kiungo bila lehemu ni aibu, Mzee Ondiek angenichapa. "Pole, Mzee," nikasema kwa sauti, na Chacha akadhani nasema naye.

"Pole ya nini? Fanya haraka," akanijibu.

Nikawasha. Mngurumo ukaja. Ukajaa chumba, ukaingia kwenye chuma cha kitanda, nikausikia kwenye meno. Na sasa, kwa vile nilikuwa nimeambiwa, nilisikia kwamba ulikuwa na mwendo. Ulikuwa ukitembea, unageuka, unarudi, unamjibu Mwita kila anapomaliza neno. Hakuna jenereta duniani inayojua kufanya hivyo. Chacha alianza kutikisa mabega akiwa amekaa, fimbo ikigonga sakafu.

Gati alifumbua macho. Kiganja kilikuwa bado juu ya sanduku. Vidole vikaanza kusogea, kimoja kimoja. Akaongea, na alikuwa akiongea na sanduku, kwa ukali, kama mke anayemfungulia mume mlango.

"Anamuuliza alikuwa wapi," Boke akasema, na hapo ndipo alipolia, siku zote zile hakuwa amelia. Nami nikalia. Sioni haya kusema.

Tepu ilipoisha, mama hakuondoa mkono. Akasema kitu, na safari hii sikuhitaji kutafsiriwa. Alitaka tena. Nikaangalia hedi, imeganda kahawia. Nikaishika tepu kwenye mwanga wa dirisha, mahali pengine ilionekana kama nailoni tupu.

"Nikipiga tena inaweza kuisha," nikamwambia Boke. "Si kukatika. Kuisha."

Alimwangalia mama yake. "Tunamwekea nani, Mzee?"

Nikasafisha hedi, nikampa ile pamba mkononi kwa sababu alishanyoosha mkono, nikapiga tena. Tepu ikichoka, nyembamba hutoka kwanza na nzito hubaki, sawasawa na masikio. Maneno ya Mwita yalikuwa yameondoka. Ulisikia mtu anapumua mbali sana, basi. Lakini mngurumo ulikuwepo wote, mzima, ukitembea peke yake, na Gati aliufuata kwa vidole mpaka tepu ilipofika mwisho na ncha yake ikabaki ikipigapiga hewani. Nikaizima. Alikuwa amelala, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshinda ugomvi.

Hakuamka tena vizuri baada ya siku ile. Nilikwenda kumzika. Kanisa lake liliimba nyimbo zake, hapakuwa na ngoma. Kabla jeneza halijafungwa nilimwona Boke akiinama, akifunga kitu kwenye ncha ya leso aliyovalishwa mama yake. Alikaza fundo kwa meno. Zilikuwa zile pamba za kahawia, zote, alikuwa ameziweka tangu Oyugis.

Sasa nyinyi mtasema, lakini si alirekodi kwa simu? Alirekodi. Anayo, jamaa zake wote wanayo, mpaka walio ng'ambo. Sauti ya Mwita, safi, na kamba zikidonoa kama nyatiti. Ile niliyoisafisha mimi, maana siku ile Ntimaru hakuna aliyekumbuka kutoa simu. Watoto wa watoto wake watakua wakijua kwamba iritungu inalia hivyo, na siku moja mmoja atabishana na mzee kama Chacha na kumwonyesha simu kama ushahidi. Hilo linaniamsha.

Kwa hiyo neno langu ni hili dogo, halafu mrudi kwenye simu zenu. Mzee Ondiek alinifundisha kuuliza koko oa kanye, kelele inatoka wapi, na nilipata jibu kila mara. Hakunifundisha kuuliza koko mar ng'a, kelele ni ya nani. Yeye hakuhitaji, wateja wake wengi walikuwa watu wa kwetu. Nyinyi mnahitaji. Mtu akiwauliza kwa adabu kama ile kelele si yake, nyamazeni mumsikilize.

Boke alinipa mashine. Alisema nyumbani kwao haina kazi tena. Iko hapa mezani kwangu, na kile kiungo nimeshakilehemu vizuri. Jioni nyingine naiwasha bila tepu, naweka kiganja juu ya sanduku, vidole nimetawanya, na kungoja. Haina mngurumo, haifoki, haipasuki. Hakuna koko hata kidogo. Niliitengeneza vizuri sana.